Kupima Tsunami Kabla Haijafika Pwani

Ziwa Babati, lililo ubavuni mwa mji wa Babati mkoani Manyara, liko mbali sana na bahari, na tsunami haiwezi kufika huko. Hata hivyo, kanuni itawalayo mwendo wa wimbi refu katika ziwa hilo ndiyo ile ile ya Bahari ya Hindi: kina cha maji huzidishwa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani 9.8, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Mahali penye kina cha mita 4 wimbi la namna hiyo lingekwenda kama mita 6 kwa sekunde, mwendo wa mwendesha baiskeli mwenye haraka. Penye kina cha mita 4,000 jawabu ni karibu mita 200 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa.

Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, hesabu hiyo ilikuwa jambo la uhai na mauti. Yapata saa 10 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, tetemeko la ukubwa wa 9.1 liliinua sakafu ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Wimbi lilichukua zaidi ya saa 8 kufika Tanzania, ambako watu zaidi ya 10 walikufa, wakiwamo waogeleaji wa Dar es Salaam. Muda wa kuwaondoa watu ufukweni ulikuwapo, tena wa kutosha. Kenya iliwahi kufanya hivyo baada ya habari za Asia kusikika. Kilichokosekana ni mtandao wa kupima bahari hiyo na kupeleka habari.

Mwanafunzi huenda akauliza kwa nini mabaharia hawakuliona wimbi hilo. Katika kilindi cha bahari tsunami haionekani. Setilaiti iliyopita saa 2 baada ya tetemeko ilipima kimo cha sentimita 60 hivi tu, nalo wimbi lilikuwa limetandaa mamia ya kilomita. Meli huinuliwa na kushushwa polepole mno hata nahodha asihisi lolote.

Kwa sababu hiyo chombo cha kupimia huwekwa chini kabisa, sakafuni mwa bahari, nacho hupima kanieneo. Maji yakiongezeka kimo kwa sentimita 1, kanieneo huongezeka kwa paskali 100 hivi, ilhali kanieneo yote kwenye kina cha mita 4,000 ni karibu paskali milioni 40. Chombo hutakiwa basi kutambua sehemu 1 katika 400,000, na vyombo vya leo huweza. Mawimbi ya upepo hayakisumbui, maana msukosuko wake hufifia kabla ya kufika chini. Kujaa na kupwa hujulikana mapema na huondolewa kwa hesabu. Vipimo hupelekwa kwa sauti hadi kwenye boya lililoelea juu, kisha kwa setilaiti hadi vituoni. Huko kompyuta huvilinganisha na mifano ya mawimbi iliyokwisha kukokotolewa, na kukadiria saa na kimo kwa kila pwani.

Tetemeko peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Tarehe 11 Aprili 2012 lilitokea jingine karibu na Sumatra, la ukubwa wa 8.6, na tahadhari ikatolewa kwa Bahari ya Hindi nzima. Lakini mabamba ya miamba yalikuwa yamesuguana kwa ubavu bila kuinua sana sakafu. Vipimo vya baharini vilionyesha wimbi dogo, na tahadhari ikaondolewa siku hiyo hiyo.

Tangu 2011 vituo vya Indonesia, India na Australia hutoa taarifa kwa nchi za bahari hiyo. Kwa Tanzania mpokeaji ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tetemeko likitokea karibu na pwani, maboya ya mbali hayatasaidia: ahisiye mtikisiko mkali ufukweni apande mlimani mara moja.

Zoezi: Boya limegundua tsunami kilomita 1,500 kutoka pwani, na kina cha wastani ni mita 3,600. Kuna muda gani wa kuwaondoa watu? (Jibu: saa 2 na dakika 13 hivi.)