Tuandae Namba Kabla ya Kuchora Mlima

Mpenzi msomaji, ukitazama ramani ya kontua katika somo la Jiografia, huenda ukadhani kuna mtu aliyekwea kila kilima na kamba mkononi. La hasha! Siku hizi ramani nyingi huchorwa kwa tarakilishi, nayo tarakilishi haijui mlima wala bonde. Inajua namba tu. Ukiilisha namba mbovu, itakuchorea ramani mbovu bila kuona haya.

Namba hizo hutoka wapi? Mnamo Februari 2000, chombo cha angani cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada. Matokeo yaligawanywa katika faili za digrii 1 kwa digrii 1. Katika faili za kina zaidi mna safu 3,601 za namba 3,601, na kila namba ni urefu wa kiraba cha mita 30 hivi kwa 30. Mbona si 3,600? Kwa sababu safu ya ukingoni hurudiwa katika faili jirani.

Haya basi, tuuchore Mlima Kenya.

Kwanza, tuunganishe. Faili hupewa jina la pembe yake ya kusini-magharibi. Kilele kimo katika S01E037, lakini Ikweta inapita Nanyuki, kwa hiyo miteremko ya kaskazini imo katika N00E037. Tunazihitaji zote mbili.

Pili, tuzibe mapengo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika matoleo ya mwanzo, mahali ambapo rada haikuona paliandikwa -32768. Tuseme majirani wa pengo ni 1,800, 1,820, 1,840 na 1,860. Wastani wao ni 1,830. Ukisahau kuiambia programu kwamba -32768 ni pengo, wastani wa zote tano utakuwa -5,089.6. Mlima umegeuka shimo!

Tatu, tubadilishe vipimo. Faili hupima upana kwa digrii na urefu kwa mita. Digrii 1 ni kilomita 111 hivi, lakini programu ikiichukua kuwa mita 1, hata uwanja wetu wa mpira utaonekana ukuta. Kwa hiyo geuza digrii ziwe mita, katika UTM kanda ya 37 Kusini.

Mwisho, tukague. Batian ina mita 5,199. Kilele cha ramani kikiwa chini kidogo, usishtuke, maana kiraba kizima hubeba urefu mmoja. Kikiwa chini ya bahari, rudi hatua ya pili.

Ndugu zangu, huu si mchezo. Kijiji kinachotaka kuteremsha maji kwa bomba bila pampu hutegemea namba hizi. Maji hayatapanda kilima ati kwa sababu ramani imesema ni mteremko.

Zoezi: majirani wa pengo ni 2,410, 2,420, 2,430 na 2,460. Lizibe, kisha mpelekee mwalimu wa Jiografia jibu lako.