Kushona Mlima Kasigau: Kutoka Picha ya Simu Hadi Kwilti ya Ukutani

Wakazi wengi wana picha kwenye simu ambazo hawangependa kuzipoteza: shamba la wazazi kabla ya kugawanywa, mwembe uliokatwa, mlima uliokuwa ukionekana kutoka shule ya msingi. Simu ikiibwa au ikianguka majini, picha imekwenda. Somo la toleo hili linaeleza jinsi ya kugeuza picha moja kama hiyo kuwa kwilti ya ukutani, yaani picha ya vitambaa yenye tabaka tatu: vipande vya rangi juu, tabaka laini katikati, na kitambaa cha kufunika nyuma, zote zikishikwa pamoja kwa mishono. Mfano wetu ni Mlima Kasigau ukitazamwa kutoka upande wa Maungu. Wengi wetu tunaujua, na kwa kuwa umesimama peke yake uwandani, umbo lake si gumu kwa anayeanza.

Tumia picha uliyopiga mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda picha, na ukishona ya mtu uliyoikuta kwenye intaneti kisha ukaiuza bila ruhusa yake, unaweza kujitia matatani. Lakini kuna sababu nyingine: mahali uliposimama unapajua. Unakumbuka udongo ulivyokuwa mwekundu hata kama simu imeufanya kahawia. Piga picha asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini. Jua la adhuhuri hufuta vivuli, na bila vivuli mlima huwa bapa kama chapati.

Chapisha picha kwenye karatasi ya A4, nakala mbili, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe. Hiyo ya pili ndiyo mwalimu wako. Inaonyesha mwanga uko wapi na giza liko wapi, na hapo ndipo kazi inapopata kufanana na mahali penyewe. Watu hudhani lazima washone kila jani. Sivyo. Mwanga na giza vikikaa mahali pake, jicho la mtazamaji litajaza majani lenyewe.

Bandika nakala hiyo kwenye kioo cha dirisha, weka karatasi nyembamba juu yake, na ufuate mistari mikuu tu kwa penseli. Kasigau unahitaji maumbo saba hivi: anga, mlima, ubavu wake wenye kivuli, uwanda, vichaka, ardhi nyekundu ya karibu, na labda mgunga mmoja pembeni. Nguzo za umeme ziache, isipokuwa ni sehemu ya kumbukumbu yako. Kukuza mchoro hakuhitaji mashine. Mchoro ukiwa wa sentimita 18 kwa 27, ugawe kwa miraba ya sentimita 3. Kwenye karatasi kubwa chora idadi ileile ya miraba ya sentimita 9, kisha nakili mraba kwa mraba. Utapata mchoro wa sentimita 54 kwa 81.

Kwenye vitambaa ndipo penye utamu, na ndipo wengi hupotea. Mimi nilipotea. Katika kwilti yangu ya kwanza nilichukua kitenge kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, buluu iliyokoza yenye maua makubwa ya manjano, nikakifanya mlima. Nilipoitundika, mlima ulikuwa umeruka ukasimama mbele ya vichaka. Nilifumua kazi ya wiki mbili.

Kosa langu lilikuwa kusahau hewa. Hewa iliyo kati yako na mlima wa mbali hufifisha rangi zake. Kijani huonekana buluu yenye ukijivu, na tofauti ya mwanga na kivuli hupungua. Kwa hiyo vitambaa vya mbali viwe vimepauka na visiwe na maua makubwa. Vya karibu ndivyo vikoze, viwe vyekundu na kahawia, na hapo kitenge chako kizuri kitapata nafasi. Kwa mlima, shati kuukuu la mtumba la buluu hafifu hushinda kitambaa kipya. Ligeuze pia: upande wa ndani wa nguo mara nyingi umefifia kuliko wa nje, kwa hiyo shati moja linaweza kukupa mlima na kivuli chake. Mabaki kwa fundi cherehani hupatikana kwa bei ndogo, au bure ukiomba vizuri. Kabla ya kukata, vipange vyote sakafuni, vipige picha kwa simu, kisha uondoe rangi kwenye picha hiyo. Kitambaa kinachojitokeza mahali kisipotakiwa, kibadilishe.

Fua kila kitambaa kwanza. Chekundu kiloweke pamoja na kipande cheupe. Cheupe kikigeuka waridi, endelea kusuuza au tafuta kingine.

Jenga kutoka nyuma kuja mbele: anga, mlima, uwanda, vichaka, ardhi. Umbo la nyuma liachie sentimita 1 ya ziada pale litakapofunikwa na la mbele, ili pasibaki pengo. Umbo la mbele nalo likunje ukingo wake nusu sentimita kwa pasi, lishike kwa pini, lipige bandi, kisha lishone ukingoni. Vichaka usivikunje. Ukingo unaochanika nyuzi kidogo hufanana na majani kuliko mshono wowote.

Sasa tandaza kitambaa cha nyuma, juu yake blanketi jembamba kuukuu, na picha yako juu kabisa. Piga bandi kubwa kuanzia katikati kwenda pembeni, na ushone kwa mwelekeo huohuo, la sivyo kitambaa kitajikunja. Mishono ya anga ilale, ya mlima ifuate mteremko, ya ardhi iwe mifupi na iliyokatikakatika. Cherehani ya miguu inatosha, na asiye na cherehani anaweza kushona yote kwa mkono. Itachukua muda tu.

Zungushia utepe ukingoni, na nyuma, chini kidogo ya ukingo wa juu, shona mfuko mrefu wa upana wa sentimita 10 wa kupitisha fimbo ya kutundikia. Unayetaka kuuza, andika saa zako tangu siku ya kwanza, pamoja na za kufumua. Mnunuzi atakuuliza kwa nini bei imepita ya blanketi, na daftari ndilo jibu lako. Nyuma tarizi jina la mahali, mwaka picha ilipopigwa na jina lako, kisha itundike mbali na dirisha, kwa sababu jua letu litaupausha mlima kuliko ulivyokusudia.