"Maji Yanapandaje?": Neno Juu katika Somo la Ramani

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa baadhi ya makosa tunayoyaita ya Jiografia katika shule za msingi huwa, kwa hakika, ni makosa ya lugha. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anayejiandaa kuwa mwalimu hana budi kuyashughulikia.

Kabla ya kujiunga na chuo nilifundisha kwa muda katika shule moja ya msingi. Siku moja nilitundika ramani ya Kenya na kuwaeleza watoto wa darasa la nne kwamba Mto Kerio hutiririka kuelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, kama sera inavyotaka kuanzia darasa hilo, lakini swali lilikuja kwa Kiswahili: "Mwalimu, maji yanapandaje?" Wenzake walicheka. Nakiri kwamba nilimwambia asubiri.

Mtoto yule alikuwa na mantiki. Juma lililotangulia mimi mwenyewe nilimfunza kuwa kaskazini ni juu na kusini ni chini. Neno juu lina matumizi mengi: ndege yu juu ya mti, twazungumza juu ya jambo fulani, twaishi nyanda za juu. Katika ramani iliyotundikwa, juu ni ukingo wa karatasi tu. Katika nchi yenyewe, juu ni mwinuko. Kerio huanzia nyanda zilizo karibu na ikweta, zinazozidi mita 2,000, na kuteremka hadi ziwa lililo takriban mita 360 kutoka usawa wa bahari. Mto Omo nao hutoka Ethiopia na kuingia ziwa hilo hilo ukielekea kusini. Mito yote miwili hushuka. Laiti ningaliifundisha pamoja!

Ajabu ni kwamba majina yetu ya pande nne za dunia hayakutokana na karatasi. Kaskazini ni upande wa kaskazi, upepo uliovileta vyombo kutoka Arabuni takriban kati ya Desemba na Machi. Kusini ni upande wa kusi, uliovirudisha. Mashariki na magharibi yametoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuchomoza na kutua kwa jua. Mtoto anayeswali magharibi tayari ana nusu ya somo. Kwa upande mwingine, mtoto wa Iten hajapata kuliona jahazi, na kaskazi haimwambii kitu. Huyo tumwanzishie kwa mawio na machweo, maana jua analo.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Watoto wasimike kijiti wima uwanjani mnamo saa tano na nusu asubuhi, waweke jiwe penye ncha ya kivuli, kisha waweke la pili baada ya saa moja. Mstari utokao jiwe la kwanza kwenda la pili huelekea mashariki. Anayetazama huko ana kaskazini mkono wake wa kushoto. Tahadhari moja: vitabu vilivyoandikiwa Ulaya husema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Kwetu, karibu na ikweta, huelekea kusini mwezi wa Juni na kaskazini mwezi wa Desemba. Mwalimu anayenakili bila kutoka nje atawapotosha watoto kwa nusu mwaka.

Baada ya hapo ramani ilazwe chini, kaskazini yake ielekee kaskazini ya kweli. Maneno kupanda na kushuka yaachiwe milima na mabonde. Katika ramani tuseme kuelekea.

Siku ya pili nilifanya hivyo, nikiwa nimechelewa kwa siku moja. Watoto waliizunguka ramani. Yule aliyeuliza alikwenda akasimama upande wa Turkana, akainama, akaufuata Kerio kwa kidole kutoka milimani hadi miguuni pake. "Kumbe unakuja huku," akasema.