Mume, Usimtume Mkeo Peke Yake



Miaka miwili au mitatu baada ya arusi mtoto hajapatikana, na maneno huanza. Mama mkwe anauliza, majirani wananong'ona, na kidole huelekezwa kwa mke. Kabla hamjalaumiana, jifunzeni kwanza jinsi mimba inavyotungwa.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta na protini. Utando huo ni kama ukuta wa nyumba. Aghalabu seli hugusana bila kuchanganyika. Lakini mbegu ya mume inapolifikia yai ndani ya mrija wa uzazi wa mke, lazima tando zao mbili ziungane ziwe moja, ndipo urithi wa baba na wa mama ukutane.

Zinatambuana vipi? Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walieleza juu ya protini moja ya mbegu, wakaiita Izumo, jina la hekalu la kwao linalohusishwa na ndoa. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walipata mwenzi wake juu ya yai, wakamwita Juno, jina la mungu wa kike wa ndoa wa Warumi wa kale. Katika majaribio ya panya, dume asiye na Izumo hakuzalisha, na jike asiye na Juno hakuzaa. Upande mmoja ukikosa, kazi yote husimama.

Basi, ugumba si ugonjwa wa wanawake tu. Sababu yaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili: mbegu chache au dhaifu, mirija iliyoziba, mayai yasiyopevuka. Mkikutana kama kawaida mwaka mzima bila mimba, nendeni hospitali pamoja. Mke akiwa amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Nawe mume, kumbuka kwamba kupima mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mkeo.

Majibu yakitoka, yapokeeni kama mlivyopokeana siku ya arusi.

Ya kuzungumza nyumbani:

1. Kati yetu, ni nani amekuwa akibeba lawama peke yake?

2. Jamaa wakiuliza, tutawajibu nini kwa sauti moja?