SOMO: KABLA YA KURUDI NYUMBANI, TUIJUE NJIA



Wengi wenu mlifika Kisangani kwa miguu, kwa mtumbwi au juu ya lori. Sasa mnauliza: tutarudi lini?

Mji wetu ni njia panda. Kushuka mto hadi Kinshasa ni karibu kilomita 1,700. Kupanda kwenda Ubundu, maporomoko ya Boyoma yanazuia mashua. Ndiyo maana ilijengwa reli ya kilomita 125. Mashariki, barabara inapita Bafwasende na Nia-Nia, inaingia Hifadhi ya Okapi huko Epulu, halafu Mambasa, Komanda na Bunia, karibu na Ziwa Albert.

Njia hufungwa na watu, na watu ndio huifungua. Mwaka 1998 vita ilikata safari za mto hadi Kinshasa. Zilianza tena baadaye. Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia Epulu. Watu kadhaa waliuawa, na okapi wote 14 waliotunzwa pale wakafa. Mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliwatoa maelfu vijijini. Wengi walikimbilia Lubunga. Majirani waliozoea kupitiana wakaanza kuogopana.

Tunajifunza nini?

1. Tuulize kwanza. Habari ya jana si ya leo. Tuwasikilize waliotoka huko karibuni, wa kabila letu na wa kabila lingine.

2. Wajumbe watangulie. Wanaume na wanawake wa pande zote mbili waende pamoja, waone mashamba, maji, shule na zahanati. Wakirudi, waseme mbele ya wote waliyoyaona, mazuri na mabaya.

3. Asilazimishwe mtu. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa mwaka 2009, unawapa waliohama makwao haki ya kuchagua kwa hiari: kurudi, kubaki walipo au kuhamia kwingine.

4. Anayerudi na apokelewe. Chifu aarifiwe mapema. Shamba likiwa na mtu mwingine, tuzungumze mbele ya wazee kabla ya kushika jembe, wala si panga.

Maswali ya kujadili:
- Ni njia gani tunaogopa kupita, na tunamwogopa nani hasa?
- Nani wa upande wa pili angekubali kutembea nasi?
- Wanawake wamesikilizwa katika mipango ya kurudi?

Haraka haraka haina baraka. Tujadiliane kwanza, ndipo tufunge mizigo.