Somo: Kujifunza Falsafa ya Siasa kwa Kusikiliza



Wengi hudhani falsafa ya siasa ni ya wenye vitabu tu. Sivyo. Falsafa ya siasa ni kuuliza: nani atawale, kwa haki gani, na kwa faida ya nani? Hayo hujifunzwa hata kwa masikio.

Tutazame Guinea-Bissau. Novemba 1969, mjini Conakry, Amílcar Cabral, kiongozi wa chama cha ukombozi cha PAIGC, aliwafundisha makada wake. Alizungumza Kikrioli, lugha yao ya kila siku, na maneno yake yakanaswa katika kanda. Cabral aliuawa mjini humo tarehe 20 Januari 1973, lakini masomo yale yalikwisha kuhifadhiwa, na baadaye yakachapwa vitabuni.

Akieleza umoja, alitoa mfano wa timu ya mpira: wachezaji 11 wana tabia na kazi mbalimbali, lakini lengo lao ni moja. Basi umoja si kufanana. Fundi mitambo na mchuma chai wanaweza kuwa chama kimoja.

Lakini kanda haiulizwi ikajibu. Kwa hiyo sikilizeni kwa kikundi. Sikilizeni dakika 10, kisha zimeni. Mmoja aeleze alichosikia kwa maneno yake. Wengine wapinge au waongeze. Mkibishana, rudieni pale pale.

Maswali ya kujadili:
1. Kazini kwenu nani huamua, na nani alimpa haki hiyo?
2. Lengo la umoja wenu ni lipi?