Mbwa wa Msaada kwa Askari Mstaafu: Barua Zinazomkera Daktari wa Mifugo

Shishiyu, wilayani Maswa, mbwa anajulikana kwa kazi mbili: kufuata ng'ombe machungani na kubweka usiku. Sasa inaulizwa ya tatu, ya kumsaidia askari mstaafu aliyepoteza macho, mguu au usingizi. Daktari wa mifugo anayejibu hapa ameziacha barua za upole na kuchukua zile zilizomkera.

Baba alipigana vita vya Kagera, na sasa haoni. Tunaambiwa tusipopata mbwa wa Kizungu tusijisumbue. Mbwa wa kienyeji anafundishika?

Barua kadhaa zimeuliza jambo hili, nyingine zikitaja bei walizotajiwa na walanguzi wa mbwa. Zote zinapata jibu moja: anafundishika.

Uvumi huu una chanzo. Shule ya kwanza ya mbwa waongozao vipofu, aliyoifungua Daktari Gerhard Stalling mjini Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, ilitumia mbwa aina ya German Shepherd. Wanaoishika habari hiyo husahau kwamba Wajerumani walichukua mbwa wachungaji wa kwao, waliokuwa mkononi. Msukuma naye ana mbwa mchungaji. Huyu hushinda juani na ng'ombe, anamjua mwenyewe kwa sauti na kwa hatua, na hababaishwi na vumbi wala kwato.

Mfano wa karibu uko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Francis Okello Oloya alipofushwa na bomu lililofukiwa shambani akiwa na miaka 12. Alipokuwa shule ya bweni, mbwa wa pale walizoea kumsindikiza chooni usiku. Alipokua alianzisha mradi wa mbwa wa faraja chini ya shirika la The BIG FIX Uganda, kwa ajili ya watu wanaoishi na kiwewe cha vita vya waasi wa LRA. Mbwa wa mradi huo hawakuagizwa kutoka Ulaya. Ni wa mitaani, wakachanjwa, wakahasiwa, wakapimwa tabia, kisha wakafundishwa pamoja na wale watakaoishi nao.

Mbwa wa kuagizwa ana taabu zake. Mbung'o wa mapori ya Maswa hueneza ndorobo, ugonjwa unaoua mbwa wageni upesi kuliko wenyeji, na kupe nao wana maradhi yao. Anayesisitiza kununua ajue kwamba fedha yake inaweza kuishia kaburini kabla mbwa hajajifunza kukaa.

La kuangalia ni tabia, na tabia hupimwa mapema. Mtoto wa mbwa wa wiki saba au nane aangushiwe sufuria hatua chache pembeni. Anayekimbia asirudi hafai, na anayerukia kwa hasira hafai. Anayeshtuka, akatulia, kisha akaja kuinusa, huyo achukuliwe. Tangu siku hiyo azoeshwe watoto, pikipiki, gulio na fimbo ya mzee. Mbwa aliyefungiwa miezi yake ya kwanza ni vigumu kumtoa woga baadaye.

Kuna mipaka. Familia yenye subira inaweza kumfundisha mbwa kuleta fimbo, kubweka mzee akianguka, na kutangulia kwenye njia ya nyumbani aliyoizoea. Kumvusha kipofu barabara karibu na stendi ya Bariadi ni kazi ya mbwa aliyefundishwa na mwalimu mwenye ujuzi, na asidanganywe mtu kwamba ujuzi huo hupatikana kwa wiki mbili.

Tumlishe pilipili na bangi ili awe mwerevu?

Hapana. Atakuwa mgonjwa.

Mzee huamka usiku akipiga mayowe. Mbwa atamponya?

Hatamponya, ila anaweza kumpunguzia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024, wenye washiriki 156, ulionyesha kwamba wanajeshi na wastaafu wenye kiwewe waliopewa mbwa wa msaada walikuwa na nafuu kuliko waliokuwa bado wakisubiri. Makundi yote mawili yaliendelea na matibabu ya kawaida, na hapo ndipo wauza miujiza hunyamaza. Mbwa hufundishwa kuvuta blanketi au kulamba mkono ndoto inapoanza. Hospitali haiachwi kwa sababu mbwa yupo.

Ana mguu wa bandia. Anaweza kumwegemea mbwa akiinuka?

Asithubutu. Mbwa wengi wa kienyeji hawafiki hata kilo 25, na mgongo wao utaumia. Mbwa alete fimbo, mzee aegemee fimbo.

Sisi ni Waislamu. Mbwa ataingiaje nyumbani?

Fatwa ni kazi ya sheikh, lakini daktari anakumbusha kwamba mbwa wa kulinda mifugo na shamba ameruhusiwa tangu zamani, na utaratibu wa kuosha palipoguswa na mate unajulikana. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulikubali mbwa wa muumini kipofu afike hadi karibu na mlango, nje ya mahali pa kusalia. Shishiyu mbwa anaweza kulala barazani na kazi ikaendelea.

Nimenunua cheti cha mbwa wa msaada mtandaoni. Kinatosha?

Umenunua karatasi. Hata Marekani sheria haidai cheti. Hutazama mbwa amefundishwa kazi gani.

Mbwa wetu hatoki nje ya kaya. Achanjwe kwa nini?

Kwa sababu bweha haombi ruhusa kuingia, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, na wengi mno huambukizwa na mbwa. Kumweka mbwa asiyechanjwa kitandani kwa mzee asiyeona ni uzembe. Kinga hupatikana pale angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa, kwa hiyo mbwa wa jirani naye ahesabiwe. Chanjo ya kwanza hutolewa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka, na tarehe za kampeni zinajulikana kwa afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, asipake majivu wala mafuta ya taa, na afike hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.